Piezo sio drili: zoezi la yai na taya la mbuzi kabla hujamgusa mgonjwa

Madokta wa meno wenzangu mnaoanza, hasa nyie ambao kliniki imeleta piezo, ile mashine ya kukata mfupa kwa mtetemo, juzi tu na wiki ijayo mnategemewa muishike thieta, nisikilizeni kwanza. Jumamosi nenda mnadani Msalato, hapa Dodoma, kula nyama yako vizuri, ukimaliza mwambie mchinjaji akuwekee taya la chini la mbuzi, bichi, lisipite motoni. Ukirudi mjini nunua na mayai mabichi kama kumi hivi. (Taya likikaa kwenye friji ya nyumbani jiandae kwa maneno, mimi mama watoto nilimwambia ni la supu.)

Anza na yai. Lichoree kwa penseli kadirisha ka mraba, kadogo tu kama stempu, liweke kwenye kikombe lisizunguke, washa piezo na maji yake, ukate kufuata mstari. Ukienda taratibu ganda litatoka kipande kizima na ule utando mweupe wa ndani utabaki umetuna, haujachanika. Chukua yai jingine ufanye kwa drili, hujafika upande wa pili ute umeshamwagika mezani.

Sababu ni kwamba drili inazunguka, handpisi (kile kishikio chake) ya upasuaji inafika mizunguko 40,000 kwa dakika, ikikuta mfupa inakula, ikikuta nyama inaisokota, ikikuta mshipa wa fahamu hapo ndo mgonjwa anakaa miezi mdomo wa chini umekufa ganzi, wengine haurudi kabisa. Piezo haizunguki, ncha inatetemeka tu, mara kama 24,000 mpaka 30,000 kwa sekunde, na inasogea sehemu ndogo sana ya milimita, hata robo haifiki. Mfupa ni mgumu haukwepi kwahiyo unakatika, ila kitu laini kinacheza nayo, kukikata ungehitaji mtetemo wa kuanzia 50,000 hivi. Ndo maana wanaipenda karibu na mshipa wa taya la chini na pale juu kwenye utando wa sinasi, ule uwazi wa hewa juu ya magego. Lakini usilewe sifa, ukiuchokoa mshipa kwa nguvu na ile ncha utaujeruhi vilevile, na ncha ikipata moto inaunguza nyama.

Sasa taya la mbuzi, na hapa ndo wengi tunafeli. Mkono uliozoea drili, msumeno au patasi na nyundo unajua ukiona haikati, ongeza nguvu. Kwa piezo ni kinyume, ukikandamiza mtetemo unakufa, haikati, ile nguvu yote inageuka joto. Mimi siku ya kwanza nilikandamiza mpaka sauti ikawa nzito, nikasikia harufu ile ile ya kwato zinapochomwa mnadani, kuangalia mstari umekuwa wa kahawia. Ingekuwa mtu, mfupa ule umekufa, maana mfupa ukikaa nyuzi 47 kwa dakika moja tu tayari unaanza kuharibika. Ishike kama penseli, pitisha mbele na nyuma kama unafuta maandishi, usitulie sehemu moja, kila sekunde chache inua ncha maji yaingie kwenye mfereji. Sauti ikiwa nyembamba na ya kuendelea uko sawa, ikiwa nzito au inakatikakatika punguza mkono.

Maji ni yale ya chumvi ya drip, yakitoka kwenye friji ndo vizuri zaidi, Dodoma mchana wa Oktoba chupa iliyokaa mezani ni ya vuguvugu tayari. Mwambie nesi abadilishe chupa, asisubiri iishe kabisa. Yale maji yakitetemeshwa yanatoa vipovu vinavyosukuma damu, unaona unachokata, drili haikupi hiyo raha.

Ila drili usiitupe. Piezo inachelewa, ukisema gego la mwisho lililolala ulitoe kwa piezo mwanzo mwisho ganzi inaweza kukuishia njiani. Mimi nachanganya: mfupa wa nje upande wa shavu, mbali na mshipa, drili na maji mengi, kulipasua jino lenyewe drili pia kwa sababu ganda la jino ni gumu mno kwa piezo, halafu milimita za mwisho kuelekea mshipa ndo piezo. Na ninaposema drili namaanisha ya upasuaji, sio ile ya kuzibia meno inayopuliza hewa, hewa ile inaingia chini ya ngozi uso unavimba kama puto.

Mgonjwa mwambie mapema itachukua muda kidogo ila mara nyingi uvimbe unakuwa mdogo na mdomo unafunguka mapema kuliko akikatwa kwa drili tupu, halafu muulize kama ana betri ya moyo, akiwa nayo usiwashe mpaka daktari wake wa moyo aseme.

Ncha ulizokatia mbuzi zipige rangi ya kucha nyekundu, weka kopo lake peke yake. Zinakuwa butu bila kuonekana, na ikirudi moja kwenye trei ya wagonjwa utaanza tena kukandamiza bila kujua kwanini haikati.