Polisi, Kafyu na Sherehe za Nyumbani: Jinsi ya Kupima Maoni ya Wananchi Bila Kuyapotosha

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza, na siku hiyohiyo abiria waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni, Mombasa, wakapigwa na kurushiwa vitoa machozi saa ya kafyu ikiwa bado haijafika. Siku chache tu baadaye Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Mwezi uliofuata, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu waliyotumia polisi kuitekeleza ilikiuka katiba.

Mgawanyo huo wa jaji ndio msingi wa hojaji yoyote nzuri kuhusu jambo hili. Kuna wananchi wengi waliochukizwa na virungu na bado walitaka disko matanga (ngoma ya usiku ya msibani) ya jirani ivunjwe. Ukiwauliza, "Je, unaunga mkono polisi kutekeleza masharti ya korona?" watajibu ndiyo au la, nawe utabaki na asilimia isiyoeleza chochote. Mwongozo huu ni wa mashirika ya kijamii, wanahabari na wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti huo katika mji au kaunti moja. Mifano ni ya Mombasa, ila hatua zinafaa popote nchini.

Tenganisha mambo manne

Kabla ya kuandika swali la kwanza, kubali kwamba unapima vitu vinne tofauti: sharti lenyewe, haki ya polisi kuingia nyumbani kwa mtu, njia wanayotumia wakishafika, na utayari wa mtu kumripoti jirani yake. Kila kimoja kiwe na swali lake, na usijumlishe majibu yake kuwa alama moja.

Kuhusu sharti, taja idadi halisi ya wakati halisi. Mazishi yaliruhusiwa watu wasiozidi 15 mwanzoni, wakaongezwa hadi 100 Julai 2020 na 200 mwishoni mwa Septemba. Uliza hivi: "Mwezi Aprili 2020 mazishi yalikuwa na kikomo cha watu 15. Wakati ule, uliona idadi hiyo ilikuwa ndogo mno, ilifaa, au ilikuwa kubwa mno?" Ukisema tu "masharti ya serikali", mmoja atafikiria barakoa, mwingine matatu, wa tatu kufungwa kwa misikiti na makanisa.

Usitumie neno "mikusanyiko" peke yake. Wengi wakilisikia wanawaza mkutano wa siasa uwanjani. Taja tukio: sherehe ya kuzaliwa sebuleni, chama cha akina mama, ibada ya nyumbani, hitma, matanga, harusi ya uani. Maoni hubadilika sana kati ya matukio hayo, hasa matanga, kwa kuwa kumzuia mtu asimzike ndugu yake kunagusa pahali ambapo sherehe ya vijana haifiki. Weka angalau matukio matatu, moja likiwa la msiba, moja la dini na moja la starehe.

Swali la njia ndilo lenye utajiri mwingi zaidi, kwa hiyo lipe nafasi. Msomee mhojiwa hatua hizi moja baada ya nyingine, na kwa kila moja aseme ilikuwa sawa au si sawa: polisi kuwaonya waliokusanyika na kuondoka, kuwaamuru watawanyike, kumfungulia mwenye nyumba mashtaka, kuwakamata wote na kuwalaza kituoni, kuwapeleka karantini ya lazima, kutumia virungu au vitoa machozi. Usimwambie achague moja tu. Unachotafuta ni ngazi ambapo uungaji mkono unakatika, na utaiona tu kila ngazi ikiwa na jibu lake.

Karantini isiachwe nje. Mwaka 2020 nchini Kenya waliovunja kafyu waliweza kupelekwa huko kama washukiwa wa ugonjwa, na watu wengi waliiogopa kuliko korti. Hii ndiyo sababu hojaji iliyotungwa kwa ajili ya Uingereza haifai kunakiliwa. Kule polisi waliagizwa waanze kwa kuzungumza na watu, kuwaeleza na kuwahimiza, adhabu ikija mwisho, na aliyeandaa mkusanyiko mkubwa wa zaidi ya watu 30 aliweza kutozwa faini ya pauni 10,000. Mkaazi wa Likoni hakukutana na askari wa namna hiyo, na swali kuhusu faini ya papo hapo litamfanya abuni jibu.

Swali la jirani liandikwe kwa kutaja mtu wa kuambiwa: "Ungemwambia nani: mzee wa Nyumba Kumi, chifu, polisi, au usingemwambia mtu?" Anayesema angemweleza mzee lakini si polisi amekupa habari muhimu kuliko ndiyo na la.

"Inategemea"

Utalisikia jibu hili mara nyingi. Usilisome kama chaguo, kwa sababu likisomwa huwa kimbilio la kila anayeogopa. Likitoka kwa mhojiwa mwenyewe, msaili aliweke alama na kuandika maneno yaliyofuata vilevile yalivyosemwa: inategemea kama kuna mgonjwa mle ndani, kama ni usiku, kama askari amekuja na heshima. Panga majibu hayo kwa makundi mwishoni. Mara nyingi ndiyo sehemu bora ya ripoti.

Hatari nyingine ni kuitikia tu. Watu hukubaliana na kauli kwa adabu, hasa mgeni akiwa na karatasi mkononi. Badala ya "Unakubali au hukubali kwamba...", weka kauli mbili zinazopingana na mhojiwa achague iliyo karibu na mawazo yake. Nusu ya hojaji zianze na kauli ya kwanza, nusu na ya pili.

Kumbukumbu za mwaka 2020

Watu husahau tarehe, lakini hawasahau matukio. Fungua sehemu ya uzoefu kwa vigingi vya wakati: shule zilipofungwa Machi 2020, mtaa wa Old Town, Mombasa, ulipofungiwa Mei 2020, shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, kafyu ilipoondolewa Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021. Kisha uliza, "Kati ya shule kufungwa na shule kufunguliwa, polisi waliwahi kufika kwenye shughuli yoyote iliyokuwa nyumbani kwako au kwa mtu wa karibu?" Akisema ndiyo, fuata na maswali mafupi: ilikuwa shughuli gani, walifanya nini, kuna aliyetoa pesa.

Swali la imani kwa polisi wa leo liwekwe mwisho kabisa. Mhojiwa wa sasa ameona pia maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, na ukimfungulia na imani ya leo, hasira au woga wake wa sasa utapaka rangi kila anachokumbuka kuhusu korona. Kwa sababu hiyohiyo, usitaje kisa cha Likoni wala mauaji yoyote kwenye utangulizi wako.

Sampuli

Kanuni ya watu 384, inayotoa kosa la asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, hunukuliwa na kila mtu. Ni sahihi kwa sampuli nasibu sahili tu, yaani kila mtu akichaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Ukichagua mitaa kwanza, kisha watu ndani ya mtaa, majirani watafanana, na kuhusu polisi wanafanana kupita kawaida: doria moja ikivamia sherehe moja, mtaa mzima unakuwa na maoni yake kufikia asubuhi.

Piga hesabu hivi. Idadi ya wahojiwa kwa kila eneo toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana (0 ni majirani wasiofanana zaidi ya watu wengine, 1 ni wote kujibu sawa), jumlisha 1. Kwa kufanana kwa 0.1, maeneo 80 yenye watu 10 kila moja yanatoa 1.9. Watu 800 ugawe kwa 1.9 ni kama 421, na kosa ni karibu asilimia 4.8. Ukiokoa nauli kwa maeneo 40 yenye watu 20, kigawanyo kinakuwa 2.9, unabaki na 276, na kosa linapanda hadi asilimia 5.9. Fedha ikiwa haba, punguza watu kwa kila eneo kabla ya kupunguza maeneo.

Gawa maeneo kwa uwiano wa idadi ya watu katika kaunti ndogo sita za Mombasa: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ndani ya eneo, anza mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu na uhesabu nyumba kwa nafasi sawa, kila ya tano au ya kumi. Badilisha jinsia kila nyumba, andika kila mtu mzima wa jinsia hiyo anayeishi hapo kwenye kadi yake, kisha kadi itakayochotwa iamue nani ahojiwe. Aliyetokea mlangoni asihojiwe kwa kuwa tu ndiye aliyetokea. Mchana utawapata zaidi akina mama na wazee, na vijana wa kiume, ambao ndio waliokutana na doria, hawatakuwapo. Rudi mara mbili, mara moja ikiwa jioni au Jumapili.

Mlangoni

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) ipatikane mapema, na chifu aarifiwe. Lakini asiandamane nawe, wala mzee wa Nyumba Kumi. Chifu yuko chini ya wizara ileile yenye polisi, na mwananchi anayeulizwa kuhusu virungu akimwona chifu nyuma ya msaili atasifu serikali. Wasaili wavae kawaida, bila fulana wala kofia za sare.

Wafunze kwa siku tatu: moja ya kulielewa kila swali, moja ya kuigiza, moja ya majaribio mtaani kwa watu 20 hadi 30 katika eneo ambalo haliko kwenye sampuli. Siku ya majaribio, mwombe mhojiwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. "Kutawanya" ndilo litakalokusumbua: kwa wengine ni askari kusema "nendeni nyumbani", kwa wengine ni vitoa machozi moja kwa moja. Ndiyo maana ngazi ya pili hapo juu inasema "kuwaamuru watawanyike".

Ukitumia simu badala ya kwenda nyumbani, punguza hojaji hadi dakika 15, na uanze kwa kuuliza kama mhojiwa yuko mahali anapoweza kuzungumza peke yake. Simu nyingi husikilizwa na mtu wa pembeni. Maswali nyeti yaandikwe ili jibu liwe namba au ndiyo na la, asiyekuwa na simu sikioni asijue kinachozungumzwa.

Hongo

Swali la wazi kama mtu alitoa kitu kidogo ili sherehe isivunjwe huzaa ukimya. Njia ya orodha husaidia. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa kura, wasomewe mambo manne ya kawaida. Nusu nyingine wasomewe hayohayo na la tano likiwa "kumpa askari pesa". Kila mtu aseme tu ni mangapi aliyafanya, bila kuyataja. Tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo makadirio ya waliotoa. Katika yale manne, liwepo moja ambalo karibu kila mtu alifanya na moja ambalo karibu hakuna aliyefanya, ili asiwepo wa kujibu "yote" na kujianika.

Gharama yake ni ukubwa wa sampuli. Kwa watu 300 kila upande kosa hufika kama asilimia 16, na kwa 1,000 kila upande bado ni karibu 9. Kwa sampuli ya watu 800 iache.

Kisa cha kubuni kinalipa zaidi kwa sampuli hiyo. Andika aya fupi kuhusu mkusanyiko nyumbani, ubadilishe vitu vitatu kwa kura: matanga au sherehe, watu 10 au 40, mtaa wa mabanda au mtaa wa kifahari. Yanapatikana matoleo nane. Watu 800 wakigawanyika 400 kwa 400 katika kila kipengele, unaweza kugundua tofauti ya takriban pointi 10. Hicho cha mtaa usikiache. Kinaonyesha kama wananchi wanadai sheria moja kwa wote, au wanaona ni sawa polisi kubisha hodi Nyali na kuvunja mlango Kisauni.

Kuandika matokeo

Toa jedwali la kila ngazi ya hatua za polisi, pamoja na waliokataa kujibu na waliosema hawajui. Wakataaji wakiwa wengi katika maeneo machache, usiwatupe, chunguza kama kulikuwa na operesheni hapo. Linganisha waliokutana na polisi na ambao hawakukutana nao, lakini usiandike kwamba kukutana nao ndiko kulikobadilisha maoni, kwa kuwa vijana wanaotembea usiku walikuwa na maoni yao tangu zamani.

Kichwa cha habari kisiseme "Wananchi waunga mkono polisi" wala "Wananchi wapinga polisi". Kiseme waliunga mkono nini, hadi ngazi ipi, kwa shughuli gani.

Mhojiwa akieleza kwamba alipigwa au alipoteza mtu, msaili asimamishe maswali, amsikilize, na ampe karatasi yenye anwani za IPOA (mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi) na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Jina la askari au namba ya gari la polisi visiandikwe kwenye hojaji. Namba za simu na alama za mahali zitunzwe kwenye faili tofauti na majibu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zilindwe, na zifutwe mara uhakiki wa wasimamizi (kurudi kwa baadhi ya wahojiwa kuthibitisha kwamba walihojiwa) ukikamilika. Kwa uhakiki huo, nyumba moja kati ya kumi inatosha.