SOMO: Umesahau paswedi ya waifai ya nyumbani? Soma hapa kabla hujagusa kitufe cha riseti

Salaam wakuu, Fundi wa Isevya hapa. Swali hili linarudi kila mara, na karibu kila mara anayeuliza ameshachomeka pini kwenye tundu la riseti. Naweka maelezo yote hapa, kwa mpangilio ambao nataka ufuatwe: hatua ya 1 ikikataa nenda ya 2, usirukie ya 5. Nitakayemkuta anauliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza lieleweke hili. Paswedi yako haijapotea. Imo ndani ya ruta, na imo ndani ya kila simu na kompyuta iliyowahi kuunganishwa ambayo haijaambiwa isahau mtandao huo. Kazi yako ni kwenda kuisoma. Riseti haikurudishii paswedi, inaifuta, tena inaondoka na mambo mengine ambayo pengine hukujua kama yamo.

HATUA YA 1: Stika
Geuza ruta, soma chini yake. Tafuta "Wi-Fi Key", "WPA Key" au "Wireless Password". Kwenye TP-Link nyingi za bei nafuu ni tarakimu 8 tupu. Kama unaona herufi, na zote ni kati ya A na F zikichanganyika na tarakimu, basi ile unayoidhani O ni sifuri. Kama kuna mtu aliwahi kubadilisha paswedi, stika haikusaidii kitu, endelea.

HATUA YA 2: Simu ambayo bado imeunganishwa
Android 10 kwenda juu: Settings, Wi-Fi, gusa jina la mtandao au alama ya gia, kisha "Share". Itakuomba alama ya kidole au PIN ya simu, halafu italeta picha ya QR. Simu nyingi huandika paswedi chini ya hiyo QR. Kama yako haiandiki, isome QR kwa simu nyingine yenye programu ya kusoma QR inayoonyesha maandishi yenyewe (kamera ya kawaida mara nyingi hukuunganisha tu). Utapata maandishi ya namna hii:

WIFI:T:WPA;S:Nyumbani;P:maembe2019;;

Kinachofuata P: mpaka nukta-mkato ndiyo paswedi. Picha hiyo usiipandishe kwenye tovuti za "kusoma QR bure". Hapo unampa mtu usiyemjua jina la mtandao na ufunguo wake kwa pamoja.

iPhone yenye iOS 16 au zaidi: Settings, Wi-Fi, gusa alama ya i pembeni ya mtandao, gusa "Password". Basi.

HATUA YA 3: Kompyuta ya Windows
Hata kama kompyuta haijaunganishwa sasa hivi, ilimradi iliwahi. Tafuta cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye menyu ya Start, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator", andika:

netsh wlan show profiles

Inakuletea orodha ya mitandao yote inayoikumbuka. Chukua jina la mtandao wako kama lilivyoandikwa, kisha:

netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear

Paswedi iko kwenye mstari wa "Key Content". Jina likiwa na nafasi katikati, alama za kunukuu (" ") ni lazima. Ukiona "Security key: Present" lakini "Key Content" haipo, hukufungua kama administrator.

HATUA YA 4: Kuingia ndani ya ruta kwa kebo
Hakuna simu wala kompyuta inayoikumbuka? Chomeka kebo ya mtandao kutoka tundu la LAN la ruta (si la WAN, linaloingiza intaneti) hadi kwenye kompyuta. Ukiwa kwenye kebo huulizwi paswedi ya waifai. Fungua cmd, andika ipconfig, tazama "Default Gateway". Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Usikariri za watu: TP-Link mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta za laini za Huawei 192.168.8.1, MikroTik 192.168.88.1, na ya kwako inaweza kuwa imebadilishwa.

Iandike kwenye kisanduku cha anwani, juu kabisa, ukianza na http://. Ile 1 ni tarakimu ya moja, si herufi l. Itakuomba jina na paswedi ya kuingilia ruta, ambayo si paswedi ya waifai. Ruta za zamani ni admin na admin. Nyingi za sasa hukulazimisha utunge ya kwako siku ya kwanza. Usibahatishe ovyo, nyingi hujifunga kwa muda ukikosea mara kadhaa. Ukishaingia: Wireless, kisha Wireless Security, na paswedi utaikuta hapo.

HATUA YA 5: Riseti
Soma taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu hubaki na ruta inayowaka taa zote na haina intaneti.

Riseti inairudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Waifai inarudi kwenye paswedi ya stika, sawa. Lakini kama huduma yako inaingia kwa PPPoE (yaani ruta hujitambulisha kwa mtoa huduma kwa jina na paswedi), jina na paswedi ya PPPoE uliyopewa na mtoa huduma navyo vimefutika. Hizo haziko kwenye stika wala kwenye simu yako. Kama fundi aliweka namba ya VLAN (inayotenga njia ya huduma yako kwenye laini ya mtoa huduma), imekwenda. Kama mtoa huduma anaitambua ruta kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), na fundi alinakili MAC ya kifaa cha zamani ili usihangaike, hiyo pia imekwenda, na utapiga simu ukisema "kila kitu kiko sawa ila hakuna mtandao". Basi kabla ya kugusa kitufe, mpigie mtoa huduma upate jina la PPPoE, paswedi yake na VLAN kama ipo. Viandike kwenye karatasi. Hujavipata, usiriseti.

Onyo la pili ni kwa wenye ruta mbili, ile ya kampuni na nyingine ya kuongeza nguvu chumba cha nyuma. Ile ya nyuma kwa kawaida fundi huizima DHCP, ili ruta moja tu ndiyo igawe anwani. Ukiiriseti, DHCP inawaka tena. Sasa ruta mbili zinagawa anwani ndani ya nyumba moja: simu hii inapata mtandao, ile haipati, kesho zimebadilishana. Ukiona hali hiyo baada ya riseti usitafute kosa kwingine. Ingia kwenye ruta ya nyuma, zima DHCP, na uhakikishe anwani yake haigongani na ya mbele.

Onyo la tatu: kisanduku cha faiba usikiriseti kabisa. Vingine hujipakia upya setingi kutoka kwa mtoa huduma, vingine havifanyi hivyo, na kwa kukitazama huwezi kujua chako ni kipi. Piga simu uombe wakubadilishie paswedi. Wengi wanaifanya wakiwa ofisini kwao.

Ukiwa umejiridhisha: ruta iwe imewaka na taa zimetulia. Tumia klipu ya karatasi, si sindano. Bonyeza ushikilie kama sekunde 10 mpaka taa zote ziwake au zizime kwa pamoja, achia. Subiri dakika mbili, umeme usikatwe hapo katikati. Kwenye ruta kama TL-WR841N, WPS (ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi) na RESET ni kitufe kimoja: ukigusa kidogo ni WPS, ukishikilia ni riseti. Hivyo "nimeriseti haijabadilika kitu" mara nyingi maana yake hukushikilia vya kutosha.

Ukiingia upya, anza na intaneti (PPPoE), waifai baadaye. Paswedi mpya iwe na herufi 8 hadi 63.

MASWALI

mzawa_ng'ambo: Mkuu somo zuri ila nimeshariseti tangu asubuhi, sasa taa nyekundu, nifanyeje?

Fundi wa Isevya: Taa ipi? Zina majina.

mzawa_ng'ambo: Imeandikwa LOS, inawaka na kuzima.

Fundi wa Isevya: Hiyo ni faiba. Onyo la tatu hukulisoma. LOS nyekundu ni kwamba mwanga haufiki kwenye kisanduku. Haihusiani na paswedi na riseti haiiponyi. Tazama ule waya mwembamba, umekunjwa kona kali nyuma ya meza au umechomoka ulipokuwa unageuza kisanduku. Unyooshe, uuchomeke mpaka usikie "klik". Ncha yake usiishike kwa kidole, na usiichungulie: mwanga wake hauonekani lakini unaumiza jicho. Taa ikibaki nyekundu, mpigie mtoa huduma.

kijana_wa_ipuli: Mimi nataka ya jirani, inashika vizuri hadi sebuleni kwangu. Hatua ipi?

Fundi wa Isevya: Hakuna. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kabishe hodi umwombe.

shamba_nzega: Hatua ya 4 ni uongo. Nimeandika 192.168.1.1 inaniletea matokeo ya Google.

Fundi wa Isevya: Si uongo. Umeiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Tena nimesema utazame "Default Gateway", sikusema uandike 192.168.1.1. Unatumia kompyuta au simu?

shamba_nzega: Simu, kwa data.

Fundi wa Isevya: Kwa data unakwenda nje kwa mnara, ruta yako hukutani nayo. Tumia kompyuta na kebo kama nilivyoandika.

dada_cheyo: Mwangaluka kaka. Nimefuata hatua ya 2 na imekubali, ila paswedi niliyoisoma kwenye QR ina alama \ katikati, mbele ya nukta-mkato, na nikiiandika hivyo kwenye laptopu inakataa. Kwa nini?

Fundi wa Isevya: Mwangaluka dada, swali zuri hili. Kwenye maandishi ya QR, nukta-mkato ina kazi yake: inaonyesha kipande kimoja kimeisha. Sasa kama paswedi yenyewe ina nukta-mkato, simu itajuaje kwamba haijafika mwisho? Ndiyo maana inatanguliziwa \ kusema "hii inayofuata ni sehemu ya paswedi". Ni hivyo pia kwa mkato, nukta-pacha, alama ya kunukuu na \ yenyewe. Ukiandika kwa mkono, iondoe ile \ ya mbele. Zikiwa mbili zimefuatana, andika moja.

dada_cheyo: Imekubali! Asante sana. Swali lingine: mbona kompyuta inaitoa paswedi kirahisi hivyo kwa amri moja? Si hatari?

Fundi wa Isevya: Lazima iwe nayo, maana kila ikiunganishwa inahitaji kuithibitishia ruta kwamba inaijua, bila kukusumbua wewe. Inaihifadhi imefungwa, lakini mwenye mamlaka juu ya kompyuta anaweza kuifungua. Kwa hiyo ndiyo, ukimwazima mtu laptopu yako akiwa na akaunti ya administrator, umempa paswedi zote za waifai ilizowahi kuunganishwa. Mfungulie akaunti ya kawaida.

gesti_urambo: Habari za kazi. Nina gesti ndogo, wageni wanapewa paswedi, wakiondoka wanaiacha kwa vijana wa mtaani. Nikibadilisha, kamera na televisheni navyo vinatoka. Kuna njia?

Fundi wa Isevya: Ipo, mama. Ingia kwenye ruta, tafuta "Guest Network". Huo ni mtandao wa pili wenye jina na paswedi yake. Wageni wape huo, kamera na televisheni zibaki kwenye mkuu. Unabadilisha ya wageni kila wiki, vifaa vyako havijui kama kuna kilichobadilika. Zima ile ruhusa ya wageni kuona mtandao wa ndani, na WPS izime pia, maana mtu akifika kwenye ruta anabonyeza kitufe anaingia bila paswedi.

gesti_urambo: Nimeuona. Na ruta niiweke wapi?

Fundi wa Isevya: Juu ukutani, katikati ya jengo, na mgeni asiifikie stika. Kama bado mnatumia paswedi ya stika ya tarakimu 8, ibadilishe leo. Tarakimu tupu hazimsumbui mtu mwenye nia mbaya.

mkulima_kaliua: Nje ya mada kidogo. Adapta ya ruta imeungua, nina nyingine ya 12V inaingia vizuri kwenye tundu. Nichomeke?

Fundi wa Isevya: Soma stika ya ruta kwanza. TL-WR841N nyingi ni 9V, visanduku vya faiba vingi ni 12V, na pini zinafanana. Volti lazima zilingane. Ampea zilingane au zizidi, zisipungue. Angalia pia ule mchoro wa duara wenye + na –, ufanane kwenye vyote viwili.

mkulima_kaliua: Ruta inasema 9V 0.6A, adapta 12V 1A. Nimeiacha. Iliungua siku ya radi.

Fundi wa Isevya: Vizuri. Huku kwetu Tabora mvua ni Novemba hadi Aprili na radi haziishi. Wingu likikaza chomoa adapta, na chomoa pia kebo inayotoka kwenye antena ya nje. Wengi wanachomoa umeme tu na radi inapitia kebo. Adapta mpya ya 9V ukiipata, ichomeke kwanza bila kebo ya nje, uone kama taa ya umeme inatulia. Ikiwa inawaka na kuzima, ruta nayo imeguswa.