Badugi: poka ya karata nne, mwenye ndogo ndiye anayekula

Aliyezoea poka ya kawaida akiketi kwenye badugi ataona kila kitu kimepinduliwa. Jozi ni hasara, karata za aina moja ni hasara, na mfalme ni mzigo. Unachotafuta ni karata nne ndogo, namba zake zisijirudie, na kila moja iwe ya aina yake: shupaza, kopa, uru na pau (wengine huita maua). Zikitimia hivyo, hiyo ndiyo badugi. Ree ni moja, kwa hiyo mkono usioshindika ni ree, 2, 3 na 4 za aina nne tofauti.

Ugomvi mwingi mezani hutokana na kusoma karata vibaya, basi tuanzie hapo. Badugi yoyote, hata yenye mfalme, humshinda mwenye karata tatu tu zinazofaa. Mwenye tatu humshinda mwenye mbili, na mwenye mbili humshinda mwenye moja. Wakilingana kwa idadi, linganisha kuanzia karata kubwa kwenda chini: 7-6-5-4 inaishinda 8-3-2-ree, kwa sababu 7 ni ndogo kuliko 8. Hapo hesabu imeisha, usiangalie zilizobaki. Zikilingana zote, kitita kinagawanywa. Hakuna aina iliyo juu ya nyingine.

Karata inayogongana na mwenzake, kwa namba au kwa aina, hutolewa. Sasa tazama mkono huu: ree ya kopa, ree ya shupaza, 4 ya kopa, 8 ya pau. Mgeni hutoa ree ya shupaza, akabaki na kopa mbili zinazogongana. Toa ree ya kopa badala yake, utabaki na 8-4-ree za aina tatu. Kabla ya kutupa karata, jiulize ni ipi ukiitoa itaacha nyingi zaidi zikiwa safi.

Mnahitaji pakiti moja ya karata 52 bila jokari. Wachezaji watano au sita wanatosha. Kama hamchezi kwa pesa, komwe za bao zinafaa kabisa kuwa dau, kila mtu akianza na 200. Anayekaa kushoto kwa mgawaji anaweka 5 na anayemfuata 10, kabla hata ya karata kutoka. Kisha kila mmoja anapewa karata nne, zikiwa zimefunikwa.

Mzunguko wa kwanza wa dau unaanza kwa aliye kushoto kwa yule aliyeweka 10. Unaweza kujitoa, kulipia au kupandisha. Dau likiisha, kuanzia kushoto kwa mgawaji kila aliyebaki anatupa karata asizozitaka, kuanzia sifuri hadi nne, na kupewa idadi ileile. Dau la pili, badili tena. Dau la tatu, badili mara ya mwisho. Dau la nne, fungueni. Mizunguko miwili ya mwanzo hupanda kwa 10, miwili ya mwisho kwa 20, na kila mzunguko una dau moja na nyongeza tatu, basi. Mkiwa sita, pakiti inaweza kuisha katikati ya kubadili. Changeni zilizotupwa na kuendelea, ila anayesubiri karata asirudishiwe alizotupa muda huohuo.

Anza na karata tatu ndogo za aina tatu, kubwa yao isizidi 7 au 8. Mbili ndogo, kama ree na 2, zifae tu ukiwa wa mwisho kubadili na dau halijapandishwa. Hapa ndipo wengi hupoteza: wanalipia kila dau huku wakibadili mbili mbili hadi mwisho. Ukiwa na tatu safi, aina unayokosa ina karata 13, toa 3 zinazorudia namba zako, zimebaki 10 kati ya 48 usizoziona. Ni kama mara moja kati ya tano kwa kila kubadili. Ukibadili mara zote tatu, uwezekano wa kupata badugi ni karibu nusu. Lakini ukishika ree, 2 na 3 na unataka badugi isiyozidi 8, karata zinazokufaa ni tano tu.

Karata za mwenzako huzioni, ila unaona anabadili ngapi, na hiyo ndiyo taarifa kubwa kuliko zote mezani. Ndiyo maana kukaa mwisho kuna thamani: wenzako wametangaza hali yao kabla yako. Asiyebadili kitu anadai ana badugi. Wengine hudai hivyo wakiwa hawana. Tumia mbinu hiyo dhidi ya mtu mmoja anayeweza kujitoa, hasa kama umeshika au umetupa karata nyingi za aina moja, maana unajua aina hiyo imepungua kwa mwenzako.

Na ukiwa na badugi mbaya, tuseme mfalme juu ya ree, 2 na 3, kabla ya kubadili mara ya mwisho? Mpinzani mmoja akibadili moja, baki nayo. Atakosa badugi karibu mara nne kati ya tano, na mfalme wako atatosha. Akiwa amegoma kubadili tangu mzunguko uliopita na bado anapandisha dau, tupa mfalme na utafute.