Kuonjesha Kazi Yako: Mwongozo kwa Mwandishi Anayeanza

Methali isemayo "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" imewaumiza waandishi wengi wanaoanza. Nimekutana na vijana wenye miswada iliyokamilika, baadhi yao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wengine walimu wa shule za kata huko Chamwino na Kongwa, ambao hawajawahi kumwonyesha mtu hata ukurasa mmoja, kwa kuamini kwamba kazi nzuri itajitafutia wasomaji yenyewe. Hapa Dodoma tuna mfano unaoipinga methali hiyo kila msimu wa mavuno. Muuza zabibu mwenye zabibu tamu kuliko za wenzake hakai nyuma ya meza akisubiri. Huchuma punje moja kwenye kichala, akampa mpita njia na kumwambia aonje. Hajisifu wala habembelezi. Kujitangaza kwa mwandishi ni kazi hiyo hiyo ya kuonjesha, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya. Hata hivyo, inabidi tuanzie shambani, yaani kwenye uandishi wenyewe, maana zabibu mbichi ikionjeshwa humfukuza mnunuzi.

Jiwekee kiasi kidogo cha kuandika ambacho hata siku ya uchovu hutashindwa kukitimiza. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa juma, ni maneno 1,500. Kwa majuma 40 unafikisha maneno 60,000, ambao ni urefu wa riwaya kamili. Chagua saa moja isiyobadilika, na ikiwezekana iwe alfajiri kabla simu hazijaanza kuita. Kadhalika, tembea na daftari dogo mfukoni. Jambo ulilolisikia kwenye daladala ya kwenda Nzuguni, usipoliandika siku hiyo hiyo, kesho utakumbuka maana yake tu, na maneno yenyewe yatakuwa yamepotea.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika rasimu ninazoletewa si la sarufi. Ni la kuandika kwa mbali. Tuchukue sentensi kama hii: "Wakulima wa zabibu mkoani Dodoma wanakabiliwa na changamoto nyingi za soko." Haina kosa lolote la lugha, lakini msomaji haoni kitu, na angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kufika Dodoma. Sasa mwandishi huyo huyo aende Hombolo, akae pembeni mwa shamba tangu asubuhi, kisha aandike: "Saa tatu asubuhi mzee alikuwa amekwisha kupanga kreti sita chini ya mwembe na kuzifunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Gari la mnunuzi lilifika saa tisa alasiri. Zabibu za chini zilikuwa zimeanza kuchuruzika, na bei waliyokubaliana kwa simu jana yake haikutajwa tena." Changamoto ya soko imo humo yote, na neno "changamoto" halikuhitajika. Kila unapokuta katika rasimu yako maneno makubwa kama changamoto, maendeleo, umaskini au furaha, jiulize ni nani, yuko wapi, saa ngapi, ameshika nini mkononi. Ukishapata majibu, mara nyingi neno kubwa unaweza kulifuta.

Ukimaliza rasimu, iache kwa siku tatu au nne, kisha isome kwa sauti. Sikio hukamata kile ambacho jicho limezoea kukipita: sentensi isiyo na mahali pa kupumua, au neno lililorudiwa mara tatu katika aya moja. Baada ya hapo kagua tahajia bila huruma. "Anakuja" isigeuke "hanakuja", "kwa sababu" iandikwe kwa maneno mawili, na r na l zisibadilishane nafasi. Mhariri anayekuta makosa ya namna hiyo katika ukurasa wa kwanza hupoteza imani na kurasa nyingine zote. Kamusi iwe mezani. Usipokuwa na uwezo wa kuinunua, Maktaba ya Mkoa ipo. Wala usiyaogope maneno ya nyumbani. Mhusika wako akiingia uani kwa watu huko Mvumi, mwache aseme "mbukwenyi" kama wanavyosalimiana Wagogo, kisha muktadha umweleweshe msomaji wa Tanga au Mombasa kwamba hiyo ni salamu.

Kabla ya kuitoa kazi hadharani, wape wasomaji watano. Ndugu wa karibu hawafai sana, kwa kuwa wanakupenda na watakusifu. Tafuta mwalimu wa Kiswahili, mtu asiyependa sana kusoma, na mwingine anayeifahamu vizuri mada uliyoiandikia. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize waliishia wapi walipochoka, kwa sababu mahali hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Sasa tuje kwenye kuonjesha kwenyewe. Fungua blogu, hata ya bure, uifanye kuwa ghala la kazi zako. Mitandao ya kijamii na makundi ya WhatsApp viwe barabara za kuwaleta watu ghalani. Wengi hufanya kinyume chake, wakaandika hadithi nzima kwenye kundi, na baada ya miezi miwili hadithi hiyo imezikwa chini ya matangazo ya michango ya harusi na haipatikani tena. Kumbuka pia kwamba msomaji wako yumkini anatumia simu ya mkononi na bando alilolipia kwa shida. Andika aya fupi, punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha, na kichwa cha makala kiseme makala inahusu nini. "Mawazo Yangu ya Leo" hakimwambii mtu chochote, ilhali "Namna Bibi Zetu Walivyokausha Mlenda wa Kiangazi" kinamwita kila aliyewahi kuula. Chagua siku moja ya kuchapisha, tuseme Alhamisi jioni, na uiheshimu. Makala moja kila baada ya majuma mawili kwa mwaka mzima inajenga wasomaji kuliko makala kumi za mwezi mmoja zinazofuatwa na ukimya.

Unapotuma kiungo kwa watu, usiandike "naomba msome kazi yangu". Toa punje: nakili sentensi mbili au tatu zilizo nzuri kuliko zote, ziweke juu, kisha kiungo kifuate chini yake. Aliyeguswa atafungua, na asiyeguswa hatakuwa amesumbuliwa. Waandishi wa hadithi za mfululizo wameielewa kanuni hii vizuri: hutoa sehemu za mwanzo bure, na msomaji akishanogewa hulipia zilizobaki kwa pesa za simu. Ukiifuata njia hiyo, kamilisha hadithi yote kabla ya kupokea hata shilingi moja, kwa sababu msomaji aliyelipa akaachwa njiani hatarudi. Pia jibu maoni ya watu, na usome na kusifu kazi za waandishi wenzako pale zinapostahili. Mtu anayejitokeza pale tu anapokuwa na kitu cha kuuza huchosha haraka.

Usiisahau karatasi. Kijitabu cha hadithi fupi nne kinaweza kutengenezwa kwenye stesheneri yoyote yenye mashine nzuri: karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo panga jumla ya kurasa zigawanyike kwa nne, la sivyo utalipia kurasa tupu. Anza na nakala 30. Hapa Dodoma upo msimu mzuri wa kuviuza, yaani Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, jiji linapojaa wageni. Na tangu treni ya umeme ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, yuko abiria mwenye saa kadhaa za kukaa ambaye angefurahi kuwa na kitu cha kusoma.

Lipo jambo moja ambalo naliandika kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkabidhi mchapishaji mmoja mswada wangu kwa mkono, bila barua wala mkataba, kwa kuwa alinipokea vizuri na niliona haya kumdai maandishi. Hakuuchapisha, hakuurudisha, na nilipotaka kuupeleka kwingine alidai kwamba tulikwisha kukubaliana. Nilipoteza karibu miaka miwili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoiandika kazi, na ulinzi huo huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Lakini mbele ya mzozo utatakiwa uthibitisho. Kwa hiyo jitumie kila rasimu kwa barua pepe ili tarehe zibaki, isajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na usimkabidhi mtu mswada bila barua inayotaja ni wa nini na utarudi lini. Ukichapisha kitabu mwenyewe, namba ya ISBN, ambayo hukitambulisha kitabu chako, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Vilevile, kabla blogu yako haijaanza kutoa habari za matukio, waulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni, kwa kuwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho ya 2022, zinawahusu wanaochapisha habari mtandaoni.

Mwishowe zipo tuzo, nazo huwatangaza waandishi kuliko tangazo lolote la kulipia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023 katika riwaya na ushairi. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell imekuwapo tangu mwaka 2014. Kabla ya kuonjesha chochote kutoka katika mswada unaokusudia kuushindanisha, soma masharti ya tuzo husika kuhusu kazi zilizokwisha kuchapishwa, zikiwamo za mtandaoni. Ukiwa bado na shaka, wape wasomaji wa blogu hadithi nyingine fupi, na huo mswada ubaki kabatini hadi matokeo yatangazwe.