Kukagua Bastola ya Silinda Iliyotumika Kabla ya Kuinunua

Kabla ya kutazama chuma chenyewe, linganisha namba iliyochongwa kwenye fremu na ile iliyo kwenye leseni ya muuzaji. Zikitofautiana, au namba ikiwa imekwanguliwa, mazungumzo yaishie hapo hata kama bei ni ya kutupa, kwa kuwa sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina nafasi ya mauzo ya kupeana mkononi.

Bastola inayozungumziwa hapa ni ile ambayo kifyatulio huachia nyundo tu, na nyundo hukokiwa kwa kidole gumba kila risasi, kama Colt ya mwaka 1873 na zilizofuata mtindo wake. Elekeza mtutu upande usio na mtu, fungua kilango cha kupakilia (kwa Colt, nyundo ikiwa imekokiwa nusu), kisha zungusha silinda ukikagua matundu yote sita, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni tupu.

Sasa koki nyundo taratibu mno, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kuipunguzia kasi. Silinda inapaswa kufika mahali pake na kujifunga kabla nyundo haijamaliza safari. Ikibidi uisukume kidogo ndipo ijifunge, meno ya ndani yamelika, na risasi inaweza kuingia mtutuni kwa upande. Rudia kwa kila tundu, kwani mara nyingi ni moja au mawili tu yanayoleta matata. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa gumba bila kugusa kifyatulio: ikianguka, iache bastola hiyo mezani. Ukimaliza, ishushe nyundo kwa gumba badala ya kuifyatua kavu, yaani bila risasi ndani, ambayo kwa bastola ya watu ni utovu wa adabu.

Nafasi kati ya silinda na mtutu pima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo mafundi wa magari wa Gerezani hupimia valvu. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni sawa, ikizidi 0.25, omba punguzo kubwa.

Ukikutana na Ruger, uliza ilitengenezwa lini. Zilizotoka kabla ya mwaka 1973 hazikuwa na kipande kinachozuia nyundo kugonga risasi bastola inapoanguka, hivyo hubebwa na risasi tano, nyundo ikikaa juu ya tundu tupu.

Kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, mng'ao wa nje si ushahidi wa lolote. Kingo za fremu zilizoviringika na maandishi yaliyofifia huonyesha kwamba chuma kilipigwa msasa ndipo kikatiwa rangi upya. Mulika tochi ndani ya mtutu utafute vishimo, kisha omba mbao za mpini zifunguliwe, kwa maana jasho la kiganja hujificha hapo na kutu huanzia hapo. Muuzaji akikataa kufungua skrubu hiyo moja, tafuta bastola nyingine.