Kufufua Honda CG125 ya zamani: injini kwanza, rangi isubiri

CG yangu ya kwanza niliipaka rangi kabla sijaiwasha vizuri. Nyekundu ya kung'aa, mistari miwili ya dhahabu tangini. Siku ya pili petroli ikanimwagikia kidogo kwenye mdomo wa tangi, na rangi ikajikunja kama utando wa maziwa. Injini yenyewe ilikuwa haijawahi kuwaka zaidi ya dakika mbili mfululizo. Nilikuwa nimempamba mgonjwa ambaye sijampima hata homa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nilipopaswa kuanzia mimi.

Kwa nini CG125? Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu. Walikuwa wameona pikipiki zao nyingine ndogo zinakufa mapema kwa sababu wenyewe hawabadilishi oili wala hawasafishi filta. Hivyo wakarudi kwenye injini ya fimbo, ambayo kamshafti yake (mhimili unaofungua valvu) iko chini na fimbo mbili nyembamba ndizo zinazosukuma valvu. Haina mnyororo wa taimingi wa kulegea. Faida yake kwako wewe wa leo ni kwamba injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zinazobeba bodaboda ni watoto na wajukuu wa hiyo CG. Vipuri viko kila mtaa.

Hatua ya 1: Kadi kabla ya hela

Futa grisi na vumbi kwenye shingo ya fremu usome namba ya chesisi, kisha namba ya injini chini ya silinda. Zilinganishe na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki isiyo na kadi ni vyuma chakavu, hata ikiwa nzuri namna gani, na bei yake iwe ya vyuma chakavu.

Hatua ya 2: Fungua kwa mpangilio

Piga picha kabla ya kugusa spana, na upige zaidi ya unavyodhani unahitaji. Kila sehemu uliyofungua, bolti zake ziingie kwenye kopo lake, na kopo liandikwe. Usifungue pikipiki yote siku moja. Nimeona CG nyingi zimeuzwa zikiwa kwenye viroba, na zote zilianza na kijana mwenye ari ya Jumamosi moja.

Bolti iliyoshikwa na kutu usiilazimishe. Imwagie oili ya kupenya, iache ilale, kesho igonge kidogo kwa nyundo ndipo uifungue. Bisibisi za nyota ndizo zinazoharibu skrubu za kava la injini, kwa hiyo tafuta ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka yenyewe inapopigwa.

Hatua ya 3: Iwake ikiwa mbaya hivyo hivyo

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, na hapa ndipo penye raha.

Kwanza, je, inazunguka? Kama kiki imegoma, usiirukie. Toa plagi, mimina kama vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu, subiri siku mbili au tatu. Kisha weka gia ya mwisho na utikise tairi la nyuma mbele na nyuma, polepole. Pistoni iliyoganda kwa kutu huachia taratibu, halafu ghafla unasikia tairi limekuwa jepesi.

Ikishazunguka, mwaga oili yote ya zamani, safisha chujio la waya, weka mpya, kama lita 1. Ziba tundu la plagi kwa kidole na upige kiki kwa mkono. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, kompresheni ipo. Kikipuliziwa tu kama na mtoto, kagua tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) kabla hujamlaumu pistoni. Injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, nafasi ya tapeti ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Tapeti iliyobana sana huacha valvu wazi na kompresheni inatoroka. Nilishanunua ringi mpya bure kwa kosa hilo.

Cheche: chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya hedi iguse chuma, mbali na tundu lenyewe na mbali na petroli, piga kiki kivulini. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Kama hakuna, na pikipiki yako ni ya zamani yenye platini (vidonge viwili vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche), zitafute upande wa kushoto chini ya kava la magineti. Zikikaa miaka bila kazi huota utando mweupe. Pitisha msasa laini kati yake, futa kwa karatasi safi, halafu pima nafasi: milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi yenyewe iwe na 0.6 hadi 0.7.

Mafuta: shusha kabureta, fungua bakuli lake la chini. Ukikuta uji wa kahawia unaonuka kama vanishi, hiyo ndiyo petroli ya zamani. Jeti ndogo ndiyo adui yako. Tundu lake ni jembamba kuliko uzi wa kushonea, na likiziba pikipiki haishiki sailensa, yaani haingurumi yenyewe ukiachia mafuta, hata uifanyeje. Usiingize sindano wala waya wa chuma, utalipanua. Menya waya wa umeme, chomoa uzi mmoja tu wa shaba, upitishe taratibu, kisha inua jeti juani. Ukiona nukta ya mwanga ya duara, umemaliza. Skrubu ya hewa ifunge mpaka mwisho bila kukaza, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia, sikio litakuambia pa kuishia.

Jaribu kuwasha kwa chupa ndogo ya petroli iliyoning'inizwa, si kwa tangi bovu. Na fanyia nje.

Kuhusu vipuri, nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi. Nilipokwenda Kariakoo kutafuta pistoni, muuzaji aliniwekea moja mezani bila hata kuangalia ya kwangu.

"Kaka, hii hii, inaingia tu."

"Inaingia wapi?"

Akacheka, akaichukua tena. Ilikuwa ya 150, yenye kipenyo cha milimita 62. Ya CG125 ni 56.5. Kwa nje boksi zinafanana. Na Boxer usiulizie kabisa, hiyo ni ukoo mwingine, kamshafti yake iko juu.

Hatua ya 4: Tangi

Kutu ya ndani huitoi kwa kitambaa. Toa koki, ziba tundu, weka nati ndogondogo au kipande cha cheni, tikisa mpaka mikono iume. Mwaga, kisha jaza siki nyeupe na uiache siku nzima. Madumu mawili ya lita 5 yanakaribia kulijaza. Nyumba itanuka kachumbari, waambie mapema. Suuza kwa maji yenye magadi soda ili asidi iishe, suuza tena, kausha juani mara moja, halafu zungusha oili kidogo ndani, maana chuma kitupu huanza kutu saa hiyo hiyo. Tangi likiwa na tundu, usimpe fundi wa kuchomelea likiwa na harufu yoyote ya petroli, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke ndio unaolipuka.

Hatua ya 5: Breki, tairi, waya

Fungua ngoma za breki na ufute vumbi kwa kitambaa kibichi. Usipulize, vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Breki shuu zikiwa nyembamba, badilisha zote mbili. Tairi lisome ubavuni: tarakimu nne kama 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Lenye nyufa litupe, hata kama meno yake ni mapya.

Umeme unatisha watu bila sababu. Kwenye Honda, waya wa kijani ni wa bodi, mwekundu unatoka betri, mweusi unapata moto ukifungua ufunguo. Ukishika hayo matatu, umeshapata nusu ya ramani. Angalia balbu kama ni za volti 6 au 12 kabla ya kununua betri.

Hatua ya 6: Sasa urembo

Endesha kwanza wiki kadhaa ikiwa na sura yake ya kutu. Itakuonyesha yenyewe inapovuja.

Siti ya bapa ndiyo inayobadilisha sura kwa gharama ndogo. Fundi viti anakushonea juu ya bati ulilokata mwenyewe. Usukani wa chini unapendeza, ila ukishaufunga, washa injini na ukate kona kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umebana, na barabarani utakuja kukutupa. Madigadi fupisha kama unapenda. Fremu usikate. Wanaoikata nyuma ili ifanane na picha za mtandaoni hawajawahi kubeba mtu kwenye barabara ya makorongo.

Rangi: msasa namba 180 kutoa ya zamani, 400 baada ya praima, 800 kwa maji kabla ya rangi yenyewe. Puliza mikono myembamba, dakika 15 kati ya mmoja na mwingine, siku isiyo na unyevu. Juu yake weka vanishi ya kuchanganya na hadina, ile ya magari, kwa sababu rangi ya kopo peke yake haivumilii petroli. Kama rangi mpya si ile iliyoandikwa kwenye kadi, kaibadilishe TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kabla trafiki hajakuuliza.

Baada ya kilomita 100 za kwanza mwaga oili tena na uipitishe juu ya sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha, zima injini, rudi kwenye makopo.