Jinsi ya kuishi na YouTube bila kuitegemea sana

Wadau wa Dar mnaotengeneza video, tuongee. Novemba 2021 YouTube walificha namba za dislaiki, watu wakalalamika weee lakini wapi, yani mtu anatafuta jinsi ya kubadili betri ya bodaboda hajui video ni ya kweli au uzushi mpaka asome komenti. Ila wewe mwenye chaneli bado unaiona, ingia YouTube Studio ucheki, usiidharau.

Cha kwanza tunza video zako mwenyewe. Usifute faili orijino eti ushapandisha, nunua hadidiski Kariakoo (ijaribu palepale dukani!), halafu pitia Google Takeout uombe kopi ya chaneli, na ushushe kwa wifi maana bando litakata hata nusu hujafika.

Alafu wajue watu wako. Fungua grupu la WhatsApp, linki weka chini ya video. Mimi nikirekodi Feri narusha kwanza kipande grupuni, ndo mama ntilie mmoja akaniambia "mdogo wangu, upepo unakula maneno yako", kitu ambacho grafu zote za Studio hazijawahi kuniambia. Nikavalisha maiki soksi, kwisha habari.

Hela sasa. Mgao wa matangazo unataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, so usikae unasubiri, ongea na duka la mtaani wakulipe uwataje, ila sema wazi ni tangazo na utiki kile kiboksi cha promosheni ya kulipiwa.